AC ni lazima kweli au tunajiendekeza? Chumba kinatupika usiku

Mpangaji wa Juu:
Wakuu habari za humu, naomba mawazo yenu manake nyumbani hii ishu imeshakuwa kesi. Tunakaa ghorofa ya mwisho, juu yetu ni dari halafu bati, na msimu huu wa joto ndani hapakaliki. Mchana silalamiki sana kwa sababu nashinda kazini, shughuli iko usiku, yani unaoga, unajifuta, na kabla hujamaliza kujifuta jasho lishaanza upya, shuka linagandia mgongoni, unageuza mto utafute upande wa baridi na upande wa baridi haupo. Tuna kasaa ka mezani kanakosoma na joto, jana saa nne usiku kalikuwa kanasoma 33.

Mama watoto anataka AC. Mimi nasema feni mbili tulizonazo zinatosha, watu wameishi miaka na miaka bila hayo madude, tena yanaleta mafua na bili ya umeme. Yeye ananijibu nimwonyeshe huyo mtu aliyeishi chini ya hili bati. Ndani tuna mtoto wa miezi mitatu ametoka harara shingo nzima, na bi mkubwa wangu ana miaka 71, yuko kwenye dawa za presha. Sasa hebu nisaidieni, ni kitu cha lazima au tunajiendekeza? Na yale mambo ya barafu mbele ya feni na taulo bichi dirishani, yanasaidia au ni stori tu?

Jasho Halisi:
Mnajiendekeza. Mwili unazoea joto ndani ya wiki moja au mbili, unaanza kutoa jasho mapema na jasho lenyewe linakuwa na chumvi kidogo, hiyo ndio AC uliyozaliwa nayo. Shida ni watu wanashinda ofisini kwenye digrii 20 wanavaa sweta halafu wakirudi nyumbani wanajiona wamefika jehanamu, mwili utazoea saa ngapi? Na hiyo AC haiondoi joto duniani, inalitoa chumbani kwako inampulizia jirani dirishani, pamoja na joto la mashine yenyewe juu.

fundi_baridi:
Jasho Halisi kwenye hilo la kumpulizia jirani uko sahihi, na hilo la kuzoea pia, ila kuzoea kunahitaji jasho likauke. Hapo ndio penye mchezo. Jasho likikauka ndio linaondoka na joto, likitiririka tu mpaka kwenye godoro limekupotezea maji bure. Hewa ikiwa na unyevu mwingi halikauki, ndio maana digrii 33 za hewa kavu mtu unadunda nazo na digrii 33 za fukuto zinakutoa roho.

Mpangaji, kabla hatujafika kwenye AC nikupe kazi ndogo. Leo saa tatu usiku panda kwenye stuli uguse dari kwa kiganja. Halafu gusa ukuta unaopigwa na jua la jioni. Nikuambie mapema utakuta nini, dari ya moto kama pasi iliyozimwa muda mfupi uliopita. Joto lako halitoki nje, nje saa hizo kumeshapoa, linatoka juu ya kichwa chako, bati limekula jua mchana kutwa na hewa ya kati ya bati na dari haina pa kutokea. Ukifunga AC kwenye chumba cha hivyo unakuwa unapoza bati la mwenye nyumba kwa umeme wako.

Barafu mbele ya feni, tupige hesabu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya joto kama kilojuli 334. AC ndogo ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) inaondoa kama kilojuli 2.6 kila sekunde. Kwa hiyo kilo nzima ya barafu ni sawa na AC iliyowashwa dakika mbili. Na friza iliyogandisha hiyo barafu imemwaga joto humohumo ndani. Ukitaka kufaidi barafu ifunge kwenye kitambaa uweke shingoni kwako, achana na feni.

Taulo bichi linategemea. Angalia nguo ukianika ndani usiku, asubuhi zimekauka kabisa? Kama ndio, hewa ni kavu, taulo litasaidia. Kama zinaamka bado mbichi na zina harufu, taulo linakuongezea fukuto.

Mpangaji wa Juu:
Zinaamka mbichi mkuu. Na zinanuka. Asante, taulo nimelitoa sasa hivi.

nesi wa zamu:
Naona mnajadili bati na barafu, mimi nimesoma hapo kwenye bi mkubwa nikasimama. Miaka 71 na dawa za presha. Mzee kiu haimjii kama inavyokujia wewe, anaweza kuwa amekauka na akakwambia hataki maji, na baadhi ya vidonge vya presha ni vile vya kukojoza, vinaondoa maji ambayo kwenye joto anayahitaji. Usimwachishe dawa kwa ushauri wa humu, muulize daktari wake kama dozi inahitaji kuangaliwa kipindi hiki cha joto. Swali la "lazima au anasa" kwako wewe na kwake sio swali moja.

Chicago mwaka 1995 siku chache tu za joto la Julai ziliondoka na watu zaidi ya 700. Ufaransa Agosti 2003 walikufa karibu 15,000. Wengi ni wazee, na wengi walikuwa peke yao ndani, hakuna wa kufungua mlango akauliza vipi leo. Kwa hiyo mtu asije hapa na "sisi tulikua bila AC", aliyekuwa hapumui vizuri hayupo hapa kukujibu.

Dalili za kuangalia: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kubana, hapo mtoe kwenye joto, alale, anywe maji kidogo kidogo. Lakini ukiona anaongea vitu visivyoeleweka, anayumba kama mlevi au anazimia, hiyo ni dharura, joto la mwili linaweza kuwa limevuka 40. Ita msaada, na wakati unasubiri usikae unamtazama, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, weka vitu vya baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kama hajitambui usimnyweshe kitu.

Mtoto wa miezi mitatu maji hapewi hata kwenye joto, ananyonya mara nyingi zaidi basi. Mvue minguo, abaki na nepi. Feni isimpige usoni moja kwa moja na msifunike kitanda chake kwa khanga eti mwanga usimsumbue, chini ya ile khanga kunakuwa jiko. Harara itaondoka ngozi ikipata hewa, mipoda hiyo acheni.

Kobe Mzee:
Kichekesho ni kwamba AC hii tunayogombania haikutengenezwa kwa ajili ya mtu. Mwaka 1902 Willis Carrier, injinia wa Marekani, alipewa shida ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, karatasi zilikuwa zinavimba na kusinyaa kwa unyevu, rangi ikipigwa mara ya pili haikai juu ya ile ya kwanza. Akatengeneza mtambo wa kutoa unyevu hewani. Karatasi ndio ilikuwa mgonjwa wa kwanza, sisi tumedandia baadaye. Mimi nina feni tu na sijafa, lakini nakaa chini, juu yangu kuna watu watatu wananikinga na jua, hahaha.

Jasho Halisi:
Nesi umenishika pabaya, kwa bi mkubwa narudisha maneno. Ila huyu jamaa mwenyewe na mkewe watulie na feni.

fundi_baridi:
Feni ni kitu kizuri watu hawakijui matumizi. Feni haipoozi chumba, inampooza mtu aliye mbele yake, kwa hiyo ukitoka uizime, injini yake inaongeza joto kidogo chumba kitupu. Inakula wati 60 au 70 hivi, AC ndogo inakula 800 na kitu, yani zaidi ya feni kumi. Ila joto la ndani likipanda sana, kuelekea 40, feni inaanza kukupulizia joto kama umefungua oveni, hapo usiitegemee peke yake, hasa kwa mzee.

Usiku nje kukishapoa chukua feni moja uiweke dirishani IKIANGALIA NJE, itoe hewa ya moto, halafu fungua dirisha la upande wa pili. Asubuhi kabla jua halijakaza funga madirisha na mapazia. Na dirisha la jua la jioni likinge kwa nje, turubai, jamvi, chochote, pazia la ndani linakamata jua likiwa limeshapita kwenye kioo, limeshaingia hilo.

Mkiamua AC, chumba kimoja tu, cha bi mkubwa. Msinunue kubwa kupita chumba, ile inapoza haraka inazima kabla haijakausha hewa, mnabaki na ubaridi wa pangoni. Wekeni 26 au 27 na feni pole pole. Fukuto likizidi kuliko joto, kwenye rimoti kuna alama ya tone la maji, hiyo ni modi ya kukausha. Mafua hayatoki kwenye baridi, filta chafu na hewa kavu ndio vinawasha koo, toeni filta muioshe kila wiki mbili. Na fundi akikwambia kila mwaka gesi imeisha, ile sio gesi ya kupikia, inazunguka tu humo humo, ikipungua kuna mahali inavuja, azibe kwanza ndio ajaze.

Mpangaji wa Juu:
MREJESHO baada ya wiki mbili. Dari niliigusa, aisee nilitoa mkono haraka. Mwenye nyumba nilimwomba apake bati rangi nyeupe akaniambia nikihama nitapaka la kwangu. Basi, turubai nje ya dirisha la magharibi, feni inayotazama nje usiku, chumba chetu saa nne kimeshuka kutoka 33 mpaka 30 na nusu, tunalala. Mtoto harara imekauka. Kwa bi mkubwa tumefunga AC ndogo, inawashwa saa tatu, taima inazima alfajiri. Siku ya kwanza alikataa kuingia, anasema kuna sauti, sasa hivi ndio wa kwanza kuulizia rimoti, na mama watoto amehamishia mtoto na mto wake huko huko, kwa hiyo mwenye feni mbili nimebaki peke yangu.

Tatizo moja, ndani chini ya mashine panadondosha maji, limejaa kopo zima usiku. Fundi aliyefunga hapokei simu. Imeharibika?

fundi_baridi:
Haijaharibika, hayo ndio maji yaliyokuwa yanazuia jasho lenu kukauka. Fuata bomba la kutolea maji mpaka nje, lazima literemke mwanzo mwisho, nadhani kuna mahali limetengeneza tumbo na maji yanarudi. Linyooshe. Kama bado, ncha yake ya nje angalia vizuri, mara nyingi mdudu anajenga humo.

Mpangaji wa Juu:
Ni mdudu. Kajenga na udongo kabisa.