Kahawa ya Mbozi kwenda China, wenye uzoefu na soko la kule naomba msaada

Mkulima wa Vwawa:
Wakuu habari za jioni. Tuna kikundi huku Mbozi tunalima arabika, siku hizi tunakaanga na kufungasha wenyewe tunauza Mbeya mjini. Nanenane pale John Mwakangale tulikutana na jamaa wa Guangzhou anataka mzigo, na toka Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi na sisi tumo, kwa hiyo moyo unanisukuma. Ila kinachonitisha ni haya makampuni makubwa ya nje yenye mitaji ya kutisha yaliyoingia kule yakatoka, Uber wa teksi za kuita kwa simu, eBay wa mnada na mauzo ya mtandaoni, Carrefour wa supermarket. Wanakwama wapi hasa?

Kontena40:
Mkuu hao hawakukosa hela. Chukua eBay, 2003 walinunua kampuni ya kichina EachNet iliyokua inaongoza, mwaka huo huo Alibaba, kampuni nyingine ya kichina, wakaleta Taobao, tovuti yao ya kuuza na kununua. Kwa eBay muuzaji analipia kuweka bidhaa, Taobao bure. Mchina kabla hajatoa hela anataka aongee na muuzaji, aulize, avutane bei kama sisi tu pale Mwanjelwa, Taobao wakaweka sehemu ya kuchati alafu Alipay, mfumo wao wa malipo, ikawa inashikilia hela mpaka mnunuzi apokee mzigo wake. eBay wao wakahamishia mitambo Marekani, tovuti ikawa nzito, maamuzi yote mpaka makao makuu. Mwisho wa 2006 wakafunga tovuti yao ya kule. Uber nae alimwaga hela nyingi kwenye punguzo za nauli, 2016 akamuachia biashara Didi, mshindani wake wa kichina, akabaki na hisa kwa Didi.

Dada wa Uyole:
Sio wote walioshindwa jamani. KFC, wale wamarekani wa kuku wa kukaanga, kafungua Beijing 1987 na leo ana maduka zaidi ya 10,000 China, sababu asubuhi ukiingia unakuta uji wa mchele na youtiao, yale maandazi yao marefu, wala hakuwalazimisha wale anachokula mmarekani. Na kwenye kahawa, ambayo ndo inakuhusu, Starbucks, mmarekani mwenye migahawa ya kahawa, kaingia 1999 kawafundisha watu kunywa kahawa miaka yote hiyo, Luckin, kampuni ya kichina, kaja 2017 na vijiduka vidogo, unaagiza kwa simu unapita kuchukua, bei chini, 2023 kampita kwa mauzo. Novemba 2025 Starbucks katangaza kuuza mpaka asilimia 60 ya biashara yake ya China kwa Boyu Capital, kampuni ya uwekezaji. Kwa hiyo kaka wanywaji wapo tena wengi mno, ila wameshazoea kahawa ya bei rahisi yenye maziwa na sukari, ukipeleka pakiti iliyokaangwa unaenda kupambana na hao.

Wakala Tunduma:
Nasisitiza hili kwa moyo wote, SAJILINI JINA KWANZA. China anaewahi kusajili ndo mwenye nalo, cheti cha BRELA, wasajili wetu wa hapa Tanzania, hakifanyi kazi kule. Michael Jordan, yule wa mpira wa kikapu, na umaarufu wake wote alikuta kampuni ya kichina inatumia jina lake kwa herufi za kichina, kafungua kesi 2012, mpaka 2016 ndo mahakama ya juu ikampa haki na yenyewe sehemu tu. Sajilini jina kwa herufi zetu hizi za kilatini na kwa herufi za kichina, na msimpe mnunuzi awasajilie kwa jina lake. Pia toka Januari 2022 kiwanda cha chakula cha nje lazima kiwe kimesajiliwa na forodha yao, GACC, bila hiyo mzigo unakwama bandarini.

Mkulima wa Vwawa:
Mungu awabariki, hilo la jina naliweka kikaoni wiki hii hii. Sasa tupeleke mbichi au iliyokaangwa?

Kontena40:
Anzeni na mbichi, wakaangaji wako wengi kule na mbichi inahimili safari ya meli. Hizo pakiti zenu pelekeni chache za kuonjesha. Na huyo jamaa alipe sehemu ya hela kabla kontena halijatoka Mbozi, akitaka mali kauli mkatalieni hata kama anaongea vizuri namna gani.

Dada wa Uyole:
Naunga mkono hapo kwenye mali kauli, na pitieni Bodi ya Kahawa mapema maana kibali cha kuuza nje kinatoka kwao.