Nimekulia ziwani Musoma lakini trauti wa Uingereza wananitoa jasho, nakosea wapi wakuu?

Mtoto wa Mwigobero
Wakuu habari za humu. Niende moja kwa moja maana niko brek ya shifti. Mimi mtu wa Musoma, kwetu na ziwa ni kutupa jiwe, baba mvuvi, babu mvuvi, mimi mwenyewe nimeanza kwenda kwenye karabai za dagaa kabla sijamaliza la nne. Sasa hivi niko Leicester huku Uingereza, kazi ghala, usiku kucha unasukuma maboksi. Kuna mzee mmoja wa kizungu hapa kazini alivyojua natoka ziwani akanipeleka siku moja kuvua trauti kwenye kabwawa ka kulipia, ule uvuvi wao wa nzi bandia, yani huweki chambo wala chubwi, ni ndoano imevikwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Siku ile yeye watano mimi sifuri, nikasema sawa ndo naanza. Mzee kastaafu kahamia kwa binti yake, nimebaki mwenyewe, nimeenda mara sita, kila safari pauni 25 kwa nusu siku, samaki hakuna. Mara sita! Nimemwambia mama kwenye simu akacheka mpaka akamwita jirani aje asikie.

Vifaa: fimbo ya futi 8 imeandikwa namba 4, nilinunua mtandaoni, muuzaji akasema inafaa kila mahali. Mshipi ni wa kuelea. Nzi ninao boksi zima rangi zote. Ninachofanya narusha mbali kadiri ya nguvu zangu, kule kati kwenye kina, halafu navuta haraka haraka ili mdudu aonekane yuko hai. Mzee alisema fimbo isimame saa kumi mbele na saa mbili nyuma, naifuata hiyo hiyo. Upepo ukija ndo balaa, juzi ndoano imenishika sikioni nikaenda kutolewa na mtu nisiyemjua pale parking. Na samaki nawaona jamani, jioni wanachomoka mbele yangu pale, pwaa, pwaa, kama wananizomea.

Kaka Mshiko
Pauni 25 mara sita ni 150. Hiyo hela kwetu unanunua sangara wa kulisha harusi. Mkuu nenda supamaketi.

Mtoto wa Mwigobero
Mshiko hujanisaidia ila hesabu yako imeniuma.

Fundi Saa
Ngoja nicheke kwanza. Saa kumi ya Leicester au saa kumi ya Musoma? Maana saa kumi yetu mshale mfupi uko kwenye 4, na saa mbili uko kwenye 8, ukisimamisha fimbo hapo unachapa maji mbele na nyasi nyuma.

Mtoto wa Mwigobero
Hahaha Fundi wewe! Saa najua kusoma, mbona. Ila umenifumbua kitu, nyuma huwa naishusha kweli, mara nyingi mshipi unashika majani nyuma yangu, mi nikajua ni kawaida.

BabaTunu
Sio kawaida, na hapo ndo sikio lako lilipoponzwa. Niko Peterborough, nina mwaka wa nane na huu uvuvi, mwaka wa kwanza wote nililia kama wewe. Ngoja nikuandikie kwa kirefu, leo siendi kazini.

Kwanza fimbo. Kwetu unarusha chubwi, chubwi ndo linaburuta mshipi. Huku kinyume, nzi hana uzito wowote, kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ndo maana mnene vile. Ile namba kwenye fimbo ni uzito wa mshipi inaoweza kubeba, na fimbo na mshipi lazima namba ziendane. Futi 8 namba 4 ni ya vijito, unasimama maji yanafika magotini hakuna upepo. Ziwani upepo haukuachi, unataka futi 9 na nusu mpaka 10, namba 6 au 7. Muuzaji alikuuzia alichokuwa nacho. Usiitupe lakini, ikiwa shwari itakufaa.

Pili kurusha. Ukipeleka nyuma simamisha kwa ghafla fimbo ikiwa imepita kichwa kidogo tu, kama mtu aliyeinua simu anapokea, halafu SUBIRI mshipi unyooke wote nyuma yako ndo upeleke mbele. Wengi hatusubiri, tunataka nguvu. Nguvu haina kazi pale, Tunu binti yangu ana miaka 13 ananipita umbali. Na upepo usimame bega la kushoto kama unatumia mkono wa kulia, ukitoka kulia unakuletea ndoano usoni. Kofia na miwani kila siku, sikio linapona, jicho haliponi. Na ile ncha ya nyuma ya ndoano, ile inayozuia samaki asichomoke, ibane na koleo ilale, mtu wa parking hatapata shida tena.

Tatu, na hii ndo kubwa, we unavuka samaki. Trauti hawakai kule kati eti kwa sababu tu kuna kina. Chakula kiko kwenye tope na majani karibu na ukingo ambako mwanga unafika chini. Ukifika usikimbilie kuingiza mabuti majini, simama nyuma hatua tatu, rusha hapo hapo futi 15 kwanza, halafu ndo uongeze. Asubuhi wanaweza kuwa wanapita pale pale ulipotaka kukanyaga.

Nne, leseni. Hujasema kama unayo, niandike na kwa wanaosoma: leseni ya fimbo ya Environment Agency, wakala wa mazingira wa huku, ni kitu kimoja na tiketi ya bwawa ni kingine, ya pili haifuti ya kwanza, na kuanzia miaka 13 lazima uwe nayo. Faini inaweza kufika pauni 2,500. Tunu anayo, kwa umri wake ni bure lakini lazima uiombe.

Mtoto wa Mwigobero
Daah BabaTunu Mungu akupe maisha marefu. Sasa nzi gani? Boksi lina nzi 60, kila mmoja ananiangalia.

BabaTunu
Chagua watatu boksi funga. Mwezi huu wa tano bwawani kinachotoka kwa wingi ni wale wanaitwa baza. Kidudu chembamba cheusi, kimejikunja kama koma. Unaye humo hakika. Ndoano namba 12.

Dada wa Nansio
Mimi sivui, mimi ni wa Ukerewe niko Reading nasoma mambo ya maji na viumbe vyake, nilikuwa napita tu. Kaka wa Musoma, baza unawajua kuliko huyo mzee wako. Unakumbuka ule moshi unaopanda juu ya ziwa asubuhi, unasimama kama mnara, mgeni anadhani kuna kijiji kinaungua kisiwani? Mwezi ukiandama wanakuja ndani, wanajaa kwenye taa, kesho yake unafagia kwa beleshi? Ndo ukoo wao. Kwetu wamechanganyika aina mbili tatu, lakini hao wa Uingereza ni wa familia moja na baadhi yao.

Sasa sikiliza wanavyoishi ndo utaelewa kwa nini hupati. Mtoto wao ni kifunza chekundu kinakaa ndani ya tope chini, wekundu ni damu inayoshika hewa maana kule chini hewa ni kidogo. Akikomaa anageuka kile kidude cheusi kama koma, anaachia tope anapanda juu. Anapanda pole pole mno, anajitikisa, anachoka, anasimama, anashuka kidogo, anapanda tena. Akifika juu anakuta ngozi ya maji ni ngumu kwake, ananing'inia chini yake mpaka apasue ganda aruke. Hana miguu ya kukimbia wala mapezi. Samaki anapita mdomo wazi anaokota kama mtu anayechuma kunde. Wewe unamvuta mbio anapita kama bodaboda, trauti atajua ni baza saa ngapi?

Na hizo pwaa pwaa zako za jioni, ziangalie vizuri. Mara nyingi mdomo hautoki nje kabisa, kinachotoka ni mgongo na pezi. Maana yake anakula wale waliokwama chini ya ngozi, sio waliotua juu.

Mtoto wa Mwigobero
Dada umenirudisha nyumbani mazima. Wale wadudu tulikuwa tunafumba midomo kwenye mtumbwi wasituingie! Kumbe miezi miwili nawavutia samaki kitu ambacho hakipo duniani.

Mkali wa Dundee
Mimi napinga kidogo. Msimfanye mtu alale ukingoni. Niko Scotland, kuna siku baza huyo mnayemsifia hana kazi, unaweka nzi mkubwa mweusi wa manyoya, unavuta kwa nguvu, wanagonga mpaka unaogopa. Hasa trauti wa upinde wa mvua waliomwagwa jana kutoka kwenye bwawa la kufugia, wale hawajui baza ni nini, wanajua kitu kinachokimbia. Halafu kwa wanaokuja huku, leseni ya fimbo ya Uingereza huku haipo, unachohitaji ni kibali cha mwenye maji, na trauti wa kahawia wanafungwa tarehe 7 mwezi wa kumi mpaka katikati ya mwezi wa tatu.

BabaTunu
Mkali sikatai. Waliomwagwa jana wanakula hata kitako cha sigara. Shida ni wiki ya pili wakishachomwa ndoano mara mbili tatu. Mwanetu huyu aanze na pole pole, mbio atajifunza mwenyewe, mbio hazina shule.

Mwigobero, fanya hivi. Uzi wa mbele mwembamba uwe futi 12, uwe ule wa fluorokaboni maana unazama. Fundo lilowanishe mate kabla hujalikaza, likikazwa kavu linaungua. Rusha upepo ukitoka kushoto kwako, halafu usivute, acha upepo ubebe mshipi kwa upinde kutoka kushoto kwenda kulia, nzi wanafuata pole pole kwa kina kile kile. Mkono wa kushoto kazi yake ni kukusanya ulegevu tu, unakunja mshipi kiganjani kama mwanamke anasuka ukili. Macho yawe pale mshipi unapoungana na uzi. Ukiona pamesimama, au pameteleza inchi mbili kwenda upande ambao upepo hauendi, inua fimbo. Usisubiri kuvutwa, baza anatemwa kabla hujahisi.

Kama hakuna kitu dakika ishirini usibadilishe nzi, badilisha kina. Hesabu mpaka kumi kabla hujaanza, baadaye ishirini, baadaye thelathini. Siku ya jua kali shuka chini, mawingu yakija panda.

Ukishazoea njoo Rutland Water, sio mbali na kwako. Hicho ndo kitu kikubwa, hekta zaidi ya elfu moja, watu wanavua humo tangu 1977, ukisimama pale kwenye kanisa la Normanton lililozungukwa na maji upepo unapiga utadhani uko Mwanza. Ila usianzie pale, maji makubwa yanamvunja moyo mgeni.

Nyuki wa Nanyuki
Watu wa diaspora mnalipa kuvua kwa vibwawa. Hapa Mlima Kenya tuko na Ziwa Ellis, unaingilia Chogoria, mita kama 3,450 juu, na Ziwa Alice hapo karibu ambayo ukifika umetembea ukajua umetembea. Trauti wako, na wanakula vile vile dada amesema, vidudu vidogo, kuvuta pole. Asubuhi mshipi unashikwa na barafu kwa pete za fimbo, unapuliza na mdomo ndio uendelee. Lipa ya parki, uwe na leseni ya uvuvi, beba jaketi mbili. Na trauti wa kwanza wa Kenya asili yao ni huko kwenu, waliletwa 1905 wakawekwa mto Gura kule Aberdare, walikuwa wa kutoka Loch Leven Scotland. Kwa hivyo Mkali wa Dundee, ni jamaa zako hao.

Mkali wa Dundee
Loch Leven ni chini ya saa moja kutoka kwangu! Nitawasalimia.

Kaka Mshiko
Mtu kapanda mlima mita 3,450 kufuata samaki. Mimi naendelea na supamaketi.

Mtoto wa Mwigobero
Wakuu narudi na mrejesho. Jumamosi nimetoka shifti saa kumi na mbili asubuhi sikulala, nikaenda moja kwa moja. Fimbo nimeazima futi 10 namba 7 kwa mwenye bwawa. Nikasimama nyuma hatua tatu kama nilivyoambiwa, sioni kitu, nikarusha futi 15 najionea aibu, kuna mzungu pembeni anarusha mpaka ng'ambo. Baza mweusi mmoja. Sikuvuta. Yani mkono ulikuwa unawasha kuvuta, nikaukalia. Saa nzima hamna. Nikakumbuka kina, nikahesabu ishirini, hamna, nikahesabu thelathini, upepo unabeba, mshipi ukasimama tu, haukuvutwa wala nini, ulisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Nikainua.

Sijui niseme nini. Sangara anavuta kama gunia, huyu alikuwa anatetemeka mpaka kwenye kiwiko changu. Akaruka mara mbili. Kilo moja na kidogo, trauti wa upinde, ubavu una mstari wa waridi. Yule mzungu wa pembeni akaja mwenyewe kunishikia wavu akauliza natumia nini.

Tiketi yangu inaruhusu kuchukua wawili, nikamchukua huyo. Nyumbani nimempasua, matumbo sikutupa, nimeyamwagia maji kwenye sahani nyeupe. Dada wa Nansio ungekuwepo! Wamejaa, weusi wamejikunja kama koma, wengine bado wanajinyonga, na vifunza vyekundu kama sita. Nimempigia mama kwa video nikamwonyesha sahani, akaniuliza hao si wale wa kwenye taa? Hakucheka safari hii.

Sasa swali la mwisho, yuko kwenye friji ananingoja. Mnamkaanga kama sato au?

BabaTunu
Usimkaange mzima kama sato mafuta yatamharibu, ana mafuta yake mwenyewe. Chumvi, ndimu, kitunguu ndani ya tumbo, mfunge kwenye foili, oveni dakika 20. Ugali mgumu.

Dada wa Nansio
Na sahani usiioshe kabla hujanipigia picha.