Mdogo wangu anachora picha zisizo na sura, kuna aliyetoboa kwa njia hii?

mkaashela: Salamu wakuu. Niko Shela, Lamu, mdogo wangu kazi yake kupaka rangi mashua, na rangi ikibaki mkebeni anapanda nayo darini anachora kwenye kipande cha tanga kuukuu. Si punda, si jahazi, ni rangi na mistari tu. Juzi kapaka bluu tupu halafu akaikwangua kwa kifuu mpaka nyuzi za tanga zikatoka, wallahi nilisimama pale nikashindwa kuondoka. Lakini watalii wanataka punda. Sasa anasema ataondoka kama yule Mholanzi aliyejificha melini akawa mchoraji mkubwa Marekani. Ni kweli hiyo?

fundi_mkomani: Kweli kabisa kaka, ni Willem de Kooning wa Rotterdam. Alijificha melini 1926 akiwa na miaka 22, hana karatasi, na kilichompa chakula mwanzo ni kupaka rangi nyumba huko Hoboken, Marekani, yaani kazi kama ya mdogo wako. Ufundi alikuwa ameanza kwao akiwa mtoto wa miaka 12, mchana kazi usiku shule ya sanaa. Miaka ya thelathini serikali ya Marekani ikawa inawalipa wachoraji mshahara, akaingia, akatoka 1937 kwa sababu si raia. Uraia alikuja kuupata 1962! Maonyesho yake ya kwanza peke yake ni 1948, hesabu mwenyewe, miaka 22 tangu ashuke melini. Na zile picha za maonyesho hayo alichora kwa enameli ya madukani, ile rangi ya kung'aa, kwa sababu ilikuwa ya bei rahisi, makumbusho ya sanaa ya MoMA kule New York ikanunua moja mwaka huo huo. Naye alikuwa mtu wa kukwangua, anapaka anakwangua anapaka tena, miezi kwa picha moja. Mwambie mdogo wako akae na kile kifuu chake, ila meli asijifiche, watu wanafia humo.

binti_langoni: Mwanangu nami nachora, nakuomba jambo moja, asipake rangi ya mafuta juu ya tanga tupu. Mafuta yanaila pamba, baada ya miaka nguo inakatika kama karatasi. Aanze na gundi au rangi ya maji ya ukutani mikono miwili, ikauke, ndipo apake. Na asikunje, enameli inapasuka, abane tanga kwenye fremu. Za punda achore akitaka hela ya unga lakini zile za darini asimuuzie mtu kwa bei ya punda.

mkaashela: Shukran sana bibi, shukran fundi. Nimemsomea yote, akanyamaza, kisha akauliza hiyo picha iliyonunuliwa 1948 ilikuwa rangi gani. Nimeitafuta kwa simu, nyeusi na nyeupe. Nyeusi tunayo nusu debe, nyeupe imeisha, kesho asubuhi navuka mjini kumnunulia.