Tupeane uzoefu: Mwanasiasa aliyeahidi kuinua michezo ya wanawake Arusha na Moshi, alitimiza au alitupiga changa la macho?

mama_wa_GS
Wakuu, habari za mchana. Huku kwetu Arusha mjadala umepamba moto saluni, kijiweni, mpaka kwenye kikoba: diwani wetu alitimiza ahadi yake kwa mabinti wanamichezo au hakutimiza? Nusu ya mtaa wanaapa katimiza, nusu wanasonya.

Iko hivi. Kampeni za 2020 alisimama juu ya gari akasema mabinti wa kata hii watapata uwanja wao wa netiboli, wa zege, wenye taa. Uwanja umejengwa, hilo habishi mtu. Siku ya uzinduzi kulikuwa na ngoma, utepe na keki. Tukainua macho kwenye nguzo, tukakuta nyuma ya pete wamefunga ubao, ule wa mpira wa kikapu! Netiboli ina ubao tangu lini? Kocha akamfuata fundi, fundi akasema yeye kachomelea alichochorewa. Mabinti wakazoea hivyo hivyo. Walipoenda mashindano ya wilaya wakawa wanarusha wakitegemea ubao, mpira unapita juu ya pete unaenda zake. Binti yangu ndiye mfungaji, alirudi nyumbani hataki hata chai.

Mbao tulizitoa wenyewe. Kilichotushinda ni muda. Ikifika saa kumi jioni vijana wa kiume wanaingia na mpira wao wa watano watano, na hawatoki. Mabinti wanakaa pembeni na viatu mkononi wakisubiri. Giza likiingia taa haziwaki, maana luku ya uwanja haina mwenyewe.

Kwenu aliahidi nini, kikaja nini? Tafadhali tusitaje majina wala vyama, uzi usije ukafutwa.

Mangi_wa_Pasua
Moshi hapa. Timu yetu ya soka ya wasichana tuliahidiwa "vifaa kamili", na vikaja kweli. Jezi zote XL za kiume, mgongoni sura yake. Viatu kuanzia namba 43 kwenda juu. Beki wetu wa kulia anavaa 37! Tukawauzia maveterani viatu, tukaingia Memorial kwenye mitumba, timu nzima ikapata na nauli ya mechi ikabaki. Ukiniuliza kama katimiza, nakwambia katimiza, ila kwa maveterani.

chuga_og
Nimekaa paleee, nawasubiri wapambe.

mpambe_mstaafu
Mpambe nimefika. Nimezunguka na wagombea nikibeba spika, najua hizi habari. Diwani hana fungu mfukoni. Uwanja unaanzia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako yeye ni mwenyekiti, unapanda mpaka Baraza la Madiwani, na huko unagombania mapato ya ndani na madarasa, vyoo vya shule, mitaro. Hata mbunge na Mfuko wake wa Jimbo, ule wa sheria ya 2009, hela inaingia halmashauri na kuna kamati, si ya kujichotea. Kwa hiyo mtu aliyebanana huko mpaka zege la netiboli likamwagwa, mpeni haki yake. Nani acheze saa ngapi, hiyo ni kazi yenu na mwenyekiti wa mtaa.

mama_wa_GS
Kaka mpambe, la fungu nakubali. La ratiba hapana. Hakuahidi uwanja wa kata, aliahidi uwanja wa mabinti. Video ninayo kwenye simu.

mpambe_mstaafu
Iweke hapa basi.

mama_wa_GS
Nitaiweka kwenye mkutano wa mtaa, mbele yake.

chuga_og
🔥🔥 aisee

mwl_wa_michezo
Mimi natetea mmoja, na sijatumwa. Nafundisha shule ya msingi huku Kilimanjaro. Kila msimu wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, tunachagua wasichana wazuri kweli, halafu ikifika kambi ya mkoa wazazi wanakataa. Ukimwuliza baba anasema mwanangu atalala wapi, na nani? Huyu bwana alitukuta walimu ofisini, hajaahidi kitu, akauliza tunakwama wapi. Tukamwambia nauli, matroni wa kulala nao, na taulo za kike. Akawa analipia kimya kimya, hakuna picha wala bango, na wasichana wakaanza kwenda. Kwenye mikutano watu wakawa wanamzomea, eti kwenye michezo hajafanya kitu, kwa sababu hakuna nguzo wala ukuta wa kuonyeshea. Kura za maoni zikamtupa nje. Aliyemrithi ameleta kombe lenye jina lake. Kombe la wanaume.

mkimbiaji_wa_alfajiri
Sisi wa riadha ahadi zetu huja kwa msimu. Mwaka 2023 Magdalena Shauri aliposhika nafasi ya tatu Berlin Marathon kwa 2:18:41, kila mwanasiasa alikuwa mpenzi wa riadha, kila mmoja anatuahidi kambi ya wanawake. Kambi sijaiona. Na mimi wala sikuomba kambi. Tunakimbia alfajiri barabara ya Ngaramtoni, bodaboda wanatembea sambamba na sisi wakitupa maneno ya ajabu, mwingine anakuwashia taa usoni makusudi. Aliyetusaidia ni mtendaji wetu wa mtaa, ambaye hajawahi kuomba kura ya mtu. Aliita viongozi wa vijiwe, akawaambia wale ni watoto wenu. Wakorofi bado wapo, ila siku hizi tunapita.

olmoti_damu
Mnalilia viuchochoro na hapo Olmoti linashuka dimba la watu 30,000 la AFCON 2027? Arusha imeula jamani.

Mangi_wa_Pasua
Hiyo AFCON ni ya wanaume, mkuu. Serengeti Girls, mabinti wetu wa taifa wa chini ya miaka 17, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India 2022, wakampiga Ufaransa 2-1, wakati huo dimba la Olmoti halijachimbwa hata msingi. Nionyeshe kwanza ratiba ya ligi ya wanawake humo ndani.

olmoti_damu
Lifunguliwe kwanza, mangi. Una haraka gani?

cherehani_queens
Hahaa ngoja niwape yetu. Timu yetu ya netiboli ilichoka kusubiri, tukajisajili kama kikundi cha kushona. Tukapata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake. Tunashona sare za shule na jezi, faida inalipa ada za mashindano na nauli. Mikopo iliposimamishwa 2023 tukatetereka kweli, cherehani moja ikauzwa, ila hatukufa. Kampeni za 2025 mgombea mmoja akapanda jukwaani akatunyooshea kidole: "Wale pale, matunda ya ahadi yangu!" Mtu hajui hata tunafanyia wapi mazoezi.

mwl_wa_michezo
Mkafanyaje?

cherehani_queens
Tukapiga makofi. Fulana zake za kampeni tulishona sisi, na alikuwa bado hajamaliza kulipa.

mpambe_mstaafu
😂 Hapo nimenyoosha mikono. Mama wa GS, huo mkutano wa mtaa lini?

mama_wa_GS
Jumapili hii, watu wakishatoka ibadani. Ninazo ajenda mbili: luku ya uwanja analipa nani, na Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi mpaka kumi na mbili uwanja uwe wa mabinti peke yao. Nasikia vijana nao wanakuja na hoja, eti wao ndio walihamisha mawe wakati wa ujenzi. Karibu na wewe kaka, ila spika iache nyumbani. Nitaleta mrejesho.