Naomba ushauri: igizo dhima kwenye kipindi cha Kiingereza

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza hapa Ujiji, Kigoma. Wanafunzi wangu wengi shule ya msingi walisoma masomo karibu yote kwa Kiswahili, sasa nataka waongee, si kunakili ubaoni tu. Natumia igizo dhima: mmoja muuza dagaa, mwenzake anabembeleza bei, au karani wa tiketi na abiria wa treni ya kwenda Tabora. Wachangamfu wanang'ara kweli. Shida ni wale wapole, hasa mabinti. Akikosea neno moja darasa linacheka, basi hafungui mdomo tena. Kwenye vikundi nako, nikigeuka tu wanarudi kwenye Kiha. Nisahihishe makosa papo hapo au nisubiri igizo liishe? Na darasa likifurika mnaligawaje? Nisaidieni jamani, uwezo wanao.