Gari yenye kilomita nyingi ikianza kubugia mafuta: tupeane uzoefu, kwako tatizo lilikuwa nini?

#1 (mwanzisha mada)
Wakuu, siku hizi kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nasubiri bei za mafuta za EWURA kama anayesubiri matokeo ya fomu foo. Nina Vitz ya 2006, injini ya 1300, dashi inasoma 214,000 (za kabla ya kushuka bandarini anajua Mungu). Kibamba–Posta na kurudi ilikuwa inanipa kilomita 14 hadi 15 kwa lita. Mwaka jana nikaanza kuona 12, mara 11, kuna wiki 10. Moshi hakuna, mlio hakuna, taa ya injini haiwaki.

Fundi wa kwanza akasema plagi. Nikanunua nne, hola. Wa pili akaosha nozeli. Wa tatu akasema sensa ya oksijeni, nikaenda maduka ya spea ya Gerezani, Dar, nikachukua ya mtumba kwa 60,000. Ikafika 10.5, labda kwa maombi.

Aliyenifumbua macho ni shemeji yangu, wala si fundi. Nilimpa lifti saa 11 alfajiri, barabara nyeupe. Hizi Vitz hazina mshale wa joto, zina kitaa cha bluu kinachowaka injini ikiwa baridi, ikipata moto kinazimika. Mbezi stendi tukakuta foleni kidogo, kikazimika. Tulipokolea mwendo kuelekea Kimara kikawaka tena. Akakiangalia, akaniangalia. "Shem, hii gari ina thamostati kweli?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Gari ilichemka mwaka jana, fundi akabadili rejeta, akaniambia, "Bosi, hiki nimekutolea, nchi ya joto hakihitajiki." Na nilimshukuru! Bila thamostati (kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate moto) maji yanapita kwenye rejeta muda wote, injini haifiki nyuzi 80 na kitu inazotakiwa, kompyuta inadhani ndiyo kwanza umeamka, inaongeza mafuta kama choki ya gari za zamani. Nimefunga mpya, nimeweka kulanti badala ya maji ya bomba. Wiki ya tatu sasa: 13.6. Yote 35,000 pamoja na ufundi.

Haya, na nyie mwageni.

#2
Mkuu, swali kwanza: hizo namba unazipataje? Wengi humu wanaweka ya elfu 20 leo, elfu 30 kesho, wanaangalia mshale, wanalia gari inakula.

#3 (mwanzisha mada)
Ful tenki mpaka pampu ikate yenyewe, naweka tripu sifuri, natembea wiki, narudi sheli ileile pampu ileile, najaza tena mpaka ikate. Kilomita gawanya kwa lita zilizoingia. Mara moja haitoshi, fanya mara tatu.

#4
Mimi nilihangaika miezi minne na IST. Nimebadili kila kitu kinachobadilika. Kumbe nilikuwa nimehamia Goba! Milima, vumbi, foleni ya kwenda na kurudi, na watoto wawili wa shule na mabegi yao. Nilipoipeleka Morogoro kwa wikiendi ikarudi kwenye 15 yake. Gari haikuwa na kosa lolote, mwenye kosa ni mwenye nyumba aliyenipandishia kodi.

#5
Niko Arusha, Premio ya 2003, kilomita 260,000 na zaidi. Kwangu ilikuwa breki. Nilidhani imechoka tu, ukiachia mafuta haiserereki kama zamani, ni kama imeshikwa. Siku moja natoka Usa River nikasikia harufu kama ya waya unaoungua. Nimepaki, nikasogeza mkono karibu na rimu (usiiguse, utaacha ngozi). Tatu za kawaida, ya mbele kushoto ya moto kama kikaango. Pini za kalipa zilishika kutu, pedi haziachii diski. Fundi akazitoa, akazisugua, akapaka grisi yake, akaweka pedi mpya. Kwa hiyo nimeendesha sijui muda gani nikiwa nimekanyaga breki bila kujua. Wadada wenzangu, kabla hujapelekwa kwenye mashine ya kupima, sehemu tambarare weka nyutro uone kama inasukumika.

#6
Pole dada. Uliwahi kwa kweli, ingeendelea ingekula na beringi.

#7
Salamu kutoka Nairobi. Yangu ni Probox, na hii itawachekesha. Niliweka matairi makubwa kuliko yake ya kiwandani, ili isiguse matuta kwa barabara ya kwetu ushago. Mara ghafla hesabu ikawa mbaya. Makanika akataka kufungua injini. Nikamwambia ngoja. Nikaenda Nakuru na simu ikipima kwa setilaiti: simu ikasema 158, dashi ikasema 146. Tairi kubwa likizunguka mara moja linaenda mbali zaidi, dashi haijui. Sehemu ya hasara yangu ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Iliyobaki ni kweli, matairi mazito hayo.

#8
Noah, injini ya 3S, nilipata mzigo wa Iringa. Mlima wa Kitonga ulinitoa jasho, nakanyaga mpaka chini inanguruma tu, malori yananipita. Masega (yale ya kwenye ekzosi yanayosafisha moshi) yalikuwa yameziba, injini ilikuwa inakula oili siku nyingi. Watu watakwambia yatoboe. Mimi nilitibu oili kwanza, maana hata ukiweka mapya yataziba tena.

#9
Naomba kuuliza mwanzisha mada, ulinunua thamostati ya nyuzi ngapi? Nina Vitz kama yako na kitaa changu kinazimika nikiwa nimefika kazini.

#10 (mwanzisha mada)
Ile iliyoandikwa 82. Ila usinunue kwanza. Kesho asubuhi injini ikiwa baridi, washa, na tangu dakika za mwanzo uwe unashika paipu ya juu ya rejeta, kisha ya chini. Zote zikianza kupata uvuguvugu pamoja tangu mwanzo, ipo wazi au haipo kabisa. Kaa mbali na feni, na mfuniko wa rejeta usiufungue ikiwa ya moto. Urudi utuambie.