Misheni ya likizo: Karonga, Bujumbura, DTS au Ujerumani? Naomba ulinganisho wa waliokwenda

#1 binti_wa_Mwanjelwa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Tuko vijana 9 wa usharika mmoja hapa Mbeya: saba wa chuo, dada mmoja fundi cherehani na kaka mmoja fundi umeme. Tangu Januari tunafunga kila Ijumaa na kuombea safari ya kuhudumu nje ya nchi likizo hii. Mzigo wote tunao, ila kwenye njia hatujakubaliana. Zilizo mezani ni hizi:

Karonga, Malawi, wiki 3. Mchungaji wa huko aliwahi kuhubiri kwetu, na sasa ametuandikia twende.
Bujumbura, Burundi, wiki 2, kuna mkutano wa vijana.
DTS, yaani shule ya uanafunzi ya YWAM, lile shirika la misheni la vijana lenye kituo Arusha.
Ujerumani mwezi wa 8, na kundi la dayosisi linaloalikwa na usharika rafiki. Nafasi ni 2 tu.

Sisi wa chuo tuna field (mafunzo ya vitendo) ya wiki 8 humo humo kwenye likizo, na boom (pesa ya mkopo wa chuo) limeshaishia kwenye kodi. Mliokwenda, tuambieni hata yale yasiyosemwa wakati wa ushuhuda kanisani.

#2 nimetoka_DTS

Amina dada. Nianze na DTS kwa kuwa ndiyo niliyopitia.

DTS si safari ya likizo, na usiiweke kapu moja na hizo nyingine. Ni wiki 12 hivi za mafundisho, halafu wiki 8 hadi 12 za kutumwa uwandani. Ukijumlisha ni miezi 5 au 6, na huwezi kuchukua kipande cha uwandani peke yake. Kwa mwanafunzi maana yake ni kuahirisha mwaka. Mimi nilikwenda baada ya kumaliza chuo nikisubiri ajira, na ilinijenga kuliko kitu chochote nilichofanya nikiwa kijana: kuamka mapema kusali, kuosha sufuria za watu 40, kusameheana na mtu mnayelala chumba kimoja. Pia ndiyo mlango wa kujiunga na YWAM kama mtumishi na wa kusoma kozi zao nyingine.

Yule fundi umeme, kama hana mkataba unaomfunga, yeye ndiye aifikirie DTS. Ninyi wa chuo subirini.

#3 kaka_Eldoret

Shalom kutoka Kenya. Sisi tunavuka kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu, kwa hiyo gharama huwa chini. Ninyi Watanzania mtahitaji pasipoti, na ya kawaida ni shilingi 150,000. Kwa watu 9 hiyo ni 1,350,000 kabla hamjalipa nauli ya basi. Kuna pia hati ya dharura ya safari ambayo ni nafuu, waulizeni Uhamiaji kama itawafaa kwa nchi mnayokwenda.

Jambo la pili ni sheria. Kikundi chetu kilipanga mahubiri ya sokoni Rwanda kama tulivyozoea nyumbani. Ndugu wenyeji wakatuzuia mapema, na nawashukuru hadi leo. Tangu sheria ya 2018 ibada huko ina majengo yake yaliyoruhusiwa, na kiongozi wa kanisa anatakiwa awe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo. Tungewaacha wenyeji na kesi sisi tukiwa tumesharudi Eldoret. Popote mwendako, mwenyeji ndiye aulize serikali yake, tena kwa maandishi.

#4 Nuru_Buyenzi

Amani kwenu. Mimi ni wa Bujumbura. Karibuni sana, lakini niseme wazi.

Hapa mtaani kwetu Buyenzi Kiswahili ni lugha ya nyumbani, mtaongea na kila mtu. Mkitoka nje ya jiji ni Kirundi, na mtategemea mkalimani kwa kila neno. Nimewahi kukalimani wageni siku nne mfululizo. Mhubiri anasema sentensi moja, mimi naisema kwa Kirundi, na mama aliyefiwa anasubiri zamu yake ya kuombewa kupitia kwangu. Jioni nilikuwa sina sauti. Mkutano wa vijana ni mzuri, tunaimba pamoja, tunafurahi, ila wiki 2 za mkutano ni za jukwaani. Kama moyo wenu ni kukaa na watu majumbani, jipimeni.

Halafu kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, siyo mpakani.

#5 mwanakwaya_tena

Nilikwenda Ujerumani na kundi la aina hiyo. Viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudishwi. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla hadi siku 15 kabla, na wenyeji walitupa barua ya kubeba dhamana yetu. Pamoja na hiyo barua, mwenzetu mmoja alinyimwa. Tulilia naye uwanjani, akarudi nyumbani na sanduku lake.

Huko hatukuhubiri barabarani. Tuliimba, tukatembelea wazee wanaoishi peke yao, tukala na vijana wa kipaimara wakatuuliza kwa nini tunaamini. Bibi mmoja alinishika mkono nusu saa bila kusema neno. Ile nayo ni huduma, tena kubwa. Lakini walio 9 hawaendi kwa nafasi 2. Hao wawili waende kwa niaba ya dayosisi, msiihesabu kuwa ndiyo misheni ya kundi lenu.

#6 mzee_wa_Kyela

Wanangu, hamjambo. Nimewasoma wote. Mimi ni mwinjilisti mstaafu, mpaka wa Kasumulu wa kuingia Malawi nimeuvuka mara ambazo sikumbuki idadi.

Nawashauri Karonga, na sababu yangu ya kwanza ni lugha, wala si nauli. Kyangonde cha Karonga na Kinyakyusa chetu ni ndugu wa karibu. Mtoto wa Kyela akivuka mto Songwe anasalimia, anaitikiwa, anakaribishwa jikoni. Mna Wanyakyusa wangapi katika hao 9? Hao ndio watangulie. Mkumbuke habari za William Koyi, Mxhosa aliyesoma Lovedale kule Afrika Kusini. Alifika Malawi 1876 na misheni ya Livingstonia. Wamisionari wa Kiskoti walishindwa kuelewana na Wangoni, na yeye akaweza, kwa kuwa lugha ya Wangoni ilikuwa jamaa ya lugha ya mama yake. Akakaa hadi alipofariki 1886. Hakuwa na cheo kikubwa, alikuwa na lugha na uvumilivu.

Sasa niwaambie kosa letu. Mwaka mmoja tulivuka na jenereta, spika mbili na kwaya. Siku tatu za mkutano, watu 64 wakainua mikono, tukaandika majina yao, tukarudi Kyela tunaimba. Mwaka uliofuata nikapita peke yangu. Mwinjilisti wa pale akanikalisha kwa upole, akaniambia kwamba wengi wa wale 64 walikuwa wameshainua mikono kwa kundi lingine mwezi Mei. Watoto walipenda muziki. Na yeye mwenye kuwafuatilia alikuwa na vijiji vitano na hakuwa hata na baiskeli. Petroli tuliyochoma kwenye jenereta ingechangia sana baiskeli. Niliona aibu, sikulala.

Tangu hapo tunakwenda bila spika. Tunamuuliza mwinjilisti anataka nini, tunatembea naye nyumba kwa nyumba, na mwaka unaofuata tunarudi kwa watu wale wale. Mwinjilisti Apolo Kivebulaya alitoka Uganda akaenda Boga, Kongo, 1896, na huko ndiko alikozikwa 1933. Sisemi mkahamie. Wiki 3 zitoshe, ila ziwe wiki 3 za kwanza.

#7 binti_wa_Mwanjelwa

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kutuambia na la uchungu. Wanyakyusa tuko wanne, na sisi ndio tuliokuwa tukivutia upande wa Ujerumani. Nimesoma maneno yako kwa wenzangu jana usiku, tukanyamaza muda mrefu.

Swali: tukifika nani atatulisha? Mchungaji anasema tusibebe kitu.

#8 mama_Tusajigwe_Karonga

Marahaba kwa kumsalimia mzee, mwanangu. Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, nimeolewa huku Karonga miaka 19, na wageni wa kanisa huwa wanalala kwangu.

Akisema msibebe kitu, bebeni. Huku mgeni hawezi kuambiwa lete unga, ni aibu kwa nyumba. Mwaka wa ukame, 2024, serikali ilitangaza hali ya janga, na bado wageni walikuja 12. Tulichinja kuku wa mbegu. Watoto wangu walilala kwa jirani wiki nzima, na kundi likarudi kwao likishuhudia jinsi tulivyo wakarimu. Hawakukosea kusema hivyo, ila hakuna aliyeniuliza.

Leteni mchele, sukari, sabuni, mkabidhi kwa akina mama wa kanisa, siyo kwa mchungaji mbele za watu. Dada wawili waingie zamu ya jikoni tangu siku ya kwanza. Mnaujua usemi wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nawapa siku ya kwanza.

Na huyo fundi cherehani ni wa kweli? Tuna wasichana 11 walioacha shule, wawili wana watoto. Wanataka kujifunza kushona sare za shule. Cherehani ipo moja, mkanda umekatika.

#9 mzee_wa_Kyela

Haya ndiyo mahubiri yenyewe.

#10 binti_wa_Mwanjelwa

Ni wa kweli mama, yuko hapa pembeni yangu, ameshaanza kuandika vipimo. Anauliza mkanda ni wa cherehani ya kukanyaga kwa miguu au ya mkono? Atanunua miwili Mwanjelwa. Na cherehani yake mwenyewe tutaifunga juu ya basi, tuivushe Kasumulu tarehe 12 mwezi wa 9, baada ya field. Kaka umeme ameamua kuomba DTS, tutasafiri 8.